Nilivyomcheza Tantine wa Kolwezi

Katika kikundi chetu cha michezo pale parokiani, mimi ndiye niliyekuwa na uso wa kuaminika. Mkubwa wa kikundi alisema hivyo siku ya kugawa nafasi, wote wakakubali, nami nikacheka kama mtu aliyepewa zawadi. Wakati ule nilikuwa nashona kwa mama mmoja hapa Kolwezi, katika atelier yenye mashini mbili na redio moja. Mchana kutwa mguu wangu ulikuwa kwenye mashini na mdomo wangu ulikuwa kwingine: leo mimi malkia, kesho mimi mjane anayelia mbele ya hakimu. Mwenye atelier alizoea kuniambia, "Weye, siku moja utashonea kidole yako ku robe ya mutu." Nilikuwa natamani kuonekana kwenye televisheni, popote, hata katika tangazo la sabuni.

Kwa hiyo lilipokuja shirika moja kutafuta wachezaji, nilikuwa wa kwanza kunyanyua mkono. Hata sikuuliza ni mchezo gani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na mafunzo kwa watu ambao mtoto anayeibiwa hupita mbele ya macho yao kabla hajapotea: wauguzi, walimu, wafanyakazi wa gare ya treni, polisi wa barabarani, motards, yaani waendesha pikipiki za taxi-moto. Mkufunzi wetu, baba mmoja mpole, mwenye miwani na kikohozi cha vumbi, alitueleza kwamba mtoto hapotei mara moja kama jiwe linalotumbukia majini. Anapandishwa taxi-moto. Anapita gare. Anaugua njiani, anapelekwa kwa muuguzi. Kote huko anakutana na mtu mzima mwenye macho mawili, na mmoja tu wao akiuliza swali, safari inaweza kukatika. Tatizo ni kwamba hakuna anayeuliza, kwa sababu anayembeba mtoto hana pembe. Mara nyingi ni mama aliyevaa vizuri, anayecheka.

Mama huyo anayecheka ndiye niliyepewa mimi. Tukamwita Tantine wa Kolwezi, shangazi wa mjini. Anafika kijijini, anamkuta mama mwenye shida, anamwahidi kumpeleka bintiye shule mjini, anaondoka naye. Mwisho wake mtoto yuko kando ya machimbo, Musonoi au kwingine, anaosha mawe ya madini hadi kiunoni majini, au anaosha sahani katika nganda ambako walevi humwita kwa kupiga makofi. Waliofunzwa walitakiwa kupaza sauti na kusema "Simama!" pale ambapo wao, katika kazi yao ya kila siku, wangenizuia na kuuliza.

Maneno ya Tantine hayakuandikwa na mtu. Mkufunzi alitaka tuyatafute wenyewe, na mimi sikuhangaika. Niliyatoa kwa tantine wangu mwenyewe, yule aliyenichukua kwa mama yangu huko Dilolo nilipokuwa mdogo na kunileta hapa. Yeye aliyasema kwa moyo safi. Nusu yake ilitimia: nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, halafu kukawa hakuna njia, nikakaa kwenye mashini. Sina kinyongo naye. Lakini maneno yake nilikuwa nayakumbuka kama wimbo, kwa sababu nilikuwa nyuma ya mlango nikiyasikiliza: Mama, hapana kuogopa. Mutoto wako njo wangu. Kile batoto yangu banakula, njo atakula. Siku utafika Kolwezi utamukuta na uniforme, hautamutambua, utamuuliza, weye ni mutoto ya nani?

Hapo mama yangu alicheka. Nami kila nilipoucheza mchezo huo niliacha nafasi ndogo baada ya maneno hayo, na kweli, watu walicheka.

Tulicheza Kolwezi, tukasifiwa. Halafu tukapelekwa Kasaji.

Barabara ya kwenda Kasaji sitaisimulia, anayeijua anaijua. Tulifika rangi moja wote, mkufunzi, dereva na wachezaji, nyekundu tupu kwa vumbi. Ukumbi wa parokia ulikuwa na madirisha makubwa ya mbao, na nje ya madirisha hayo bamama walikuwa wameketi na biashara zao: mikate ya mafuta, karanga, samaki wa kukauka. Ndani walikuwa waliofunzwa, wamevaa vizuri, kila mmoja na kofia mpya iliyogawiwa asubuhi. Joto lilikuwa kali, kwa hiyo madirisha yalikuwa wazi, na tulipoanza mchezo bamama waliacha mikate yao wakaja kuegemea. Vichwa vilijaa madirishani. Mimi nikiona vichwa vingi, damu yangu inachemka. Nilicheza kama sijawahi kucheza.

Mchezo ulikuwa kwa Kiswahili, maana Kifaransa chetu sisi wachezaji kilikuwa kinachechemea. Niliingia na kikwembe changu, kitenge kizuri, nikamsalimu "mama," nikamsifu mtoto nywele zake, nikasema maneno yangu. Mwenzangu mfupi aliyecheza mtoto alinitazama kwa macho ya kuomba. "Mama" akalia kidogo, akakubali. Nikamshika mtoto mkono, nikatembea naye polepole katikati ya ukumbi ili wapate nafasi ya kunizuia. Nilipita mbele ya mwalimu. Nilipita mbele ya muuguzi, akanitabasamia. Nilipita mbele ya motard mmoja kijana, mtu wa mzaha tangu asubuhi, akajifanya ananipakia. Hakuna aliyesema simama. Nilifika mlangoni, nikatoka na mtoto.

Makofi! Ndani na nje. Mkufunzi alicheka mpaka akakohoa. "Vous voyez? Mnaona?" aliwaambia wa mbele, sauti ikimezwa na makofi ya madirishani. "Amewaibia mtoto mbele ya macho yenu wote."

Baada ya hapo mchezo ulikuwa umekwisha, na ndilo jambo ambalo sikulitilia maana. Mwisho wa yule mtoto hatukuucheza. Ulikuwa kwenye picha, na picha zilitaka giza. Kwa hiyo vijana wa parokia walifunga madirisha, moja baada ya lingine, wakiwaambia bamama, "Pole, bamama, rudisheni bichwa," na mkufunzi akawasha mashini yake, picha zikatoka ukutani, naye akaeleza yote kwa Kifaransa: dalili, maswali, hatari, kazi ya kila mmoja. Kifaransa kizuri. Muuguzi na walimu walikaa wima, waliona wameheshimiwa. Hata mimi niliona tumeheshimiwa. Nilikaa nyuma nikijipepea, bado nasikia makofi masikioni.

Tulilala kwa masista. Asubuhi dereva alikuwa anafunga mizigo, mkufunzi alikuwa kwenye bomba anapiga mswaki, nami nilikuwa nimesimama kando ya jeep nakula mkate wa jana. Ikaingia taxi-moto langoni. Ni yule motard wa mzaha, na kofia yake ya mafunzo kichwani. Nyuma yake alikuwa mama mmoja mwembamba, na katikati yao msichana wa miaka tisa au kumi, amekumbatia mfuko.

"Tantine!" motard aliita kwa mbali. "Tumekukuta! Nilizania mutakuwa mumeenda."

Mama alishuka. Nilimtambua: alikuwa dirisha la katikati, muuza mikate, aliyecheka kwa nguvu kuliko wote. Na hapa lazima niseme kitu cha kwanza kilichonipita moyoni, kwa sababu kinanichoma hadi leo. Nilifurahi. Nilidhani amekuja kunisifu.

"Jambo, tantine," alisema, akapiga goti kidogo, mtu mzima mbele yangu mimi. "Aksanti kwa Mungu hamujaenda. Nilikawia juu ya kumusuka."

Nilimtazama mtoto. Nywele zilikuwa zimesukwa upya, zimevutwa mpaka ngozi ya paji la uso inang'aa. Mafuta miguuni. Sandali mpya, bado na ile karatasi ya bei chini ya kisigino. Alinisalimu kwa mikono miwili.

"Anaenda wapi?" niliuliza. Swali la kijinga kabisa.

Mama alicheka, kama mtu anayetaniwa. "Eh, tantine naye! Si kwako. Nilibakia nafikiri usiku nzima. Nikasema, hapana, Mungu haletake jeep mara mbili. Anajua kufua, anajua kupika bukari, ku kalasi iko anafanya muzuri, shida ni baba yake alikufa, na mikate haifike ku minerval ya masomo. Jirani yangu alitoaka wake, alienda Kolwezi kusoma. Na miye nikasema, mbona mi nabakia na wangu?"

Wakati huo muuguzi wa jana alipita ndani ya uwanja wa masista akienda zamu yake. Aliona kila kitu: mama, mfuko, mtoto aliyepakwa mafuta, jeep ya wageni. Akanyanyua mkono. "Safari njema, mutoto! Usisahau kwenu!" Akaendelea na njia yake.

Nikauweka mkate juu ya boneti ya jeep.

"Mama," nilisema, "jina langu ni nani?"

"Si weye tantine."

"Hapana. Jina. Na ninakaa quartier gani? Nambari yangu ya simu unayo?"

Alinitazama bila kuelewa, halafu akamtazama motard, kama anayeuliza ni mtihani gani huu. Motard alijikuna chini ya kofia.

"Weye jana ulikuwa ndani," nilimwambia yeye. Sauti yangu ilianza kupanda. "Ulikuwa ndani! Uliona mimi nacheza mutu wa kuiba batoto!"

"Niliona," alisema, bado anatabasamu. "Lakini ile ilikuwa mutyatro, muchezo tu. Ule mubaya ni ule wa mutyatro. Hapa ni weye mwenyewe, mutu ya parokia. Mama aliniuliza, bale batu ni ba kweli? Nikamuambia ni ba kweli, banalala kwa masista."

Mkufunzi alikuwa amekuja, mswaki bado mkononi, povu kwenye kidevu. Alianza kueleza. "Maman, écoutez, c'était une—" akasimama. Nilimwona akisimama. Alipangusa povu kwa kiganja, akaanza tena kwa Kiswahili, polepole, Kiswahili cha nyumbani kwao ambacho sikuwahi kumsikia nacho: kwamba jana tulikuwa tunaonyesha mtu mbaya anavyokuja, kwamba hakuna shule, kwamba baada ya pale tulieleza mtoto anavyopotea.

"Mulieleza saa ngapi?" mama aliuliza.

"Baadaye. Na picha."

"Mulitufungia madirisha."

Mkufunzi alikaa kwenye bampa ya jeep.

Mama alivuta ncha ya kikwembe chake, akafunika mdomo. Nilidhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa anaona haya, na mimi ndiye niliyemletea. Hajawahi kunikosea chochote isipokuwa kuniamini.

"Mulikuwa munacheza," alisema ndani ya kikwembe. "Mi nilibakia na maneno yako usiku nzima. Nilimuagisha mutoto quartier yote. Nitapita wapi na huu mufuko?"

Mtoto aliinama, akavua sandali zake moja moja, akazipanguza vumbi kwa kiganja, akazirudisha ndani ya mfuko.

Mimi ni mtu wa kucheka, ninaweza kucheka hata msibani mtu akikosea wimbo. Lakini pale nilitamani ardhi ya masista ipasuke. Nilichukua ule mfuko mikononi mwa mtoto, nikajitwika kichwani, nikasema, "Mama, twende. Nitapita mimi nao." Sikuwa na ujasiri wowote. Sikuweza tu kuendelea kusimama pale na kutazama ile miguu mitupu.

Tukaenda kwa miguu. Mama mbele, mtoto nyuma yake, mimi na mfuko, na motard akisukuma moto yake kando yangu, injini imezimwa. Kila nyumba ilikuwa na mtu nje.

"Ee, tuambie! Jeep ilijaa?" mmoja alipiga kelele.

"Kolwezi imefungwa leo?" mwingine akadakia, na watu wakacheka. "Ama mutoto alikula mikate yote ya safari?"

Mama hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imekakamaa. Ndipo nikasimama katikati ya njia na kuwaambia kwamba kosa ni langu, kwamba mimi si mtu wa kusomesha watoto, nashona nguo, nilikuwa nacheza tu. Nilitaka iwe sauti ya kweli. Lakini nilikuwa nimezoea kusema mbele ya watu, na sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya ukumbini, laini, ya kuvuta watu. Bibi mmoja mnene akapiga makofi. "Anajua! Huyu mutoto anajua! Rudilia!"

Motard ndiye aliyewanyamazisha. "Mama, hachezi sasa," alisema. Hakuwa anacheka tena.

Tulipofika kwenye uwanja wa yule mama, kabla sijatua mfuko, alitoka jirani yake mbio, kanga kwapani, ameshika kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha maua. Alikuwa mama mfupi, mchangamfu, mwenye pengo la meno ya mbele.

"Mungu aksanti! Nilikimbia ku masista nikasikia mumeshatoka. Tantine, njo weye? Ukifika kule umupelekee wangu hii. Ni karanga, na karobe kadogo, juu anaweza kuwa amekomaa. Umuambie mama yake anamusalimia."

Nilipokea. Mikono yangu ilipokea yenyewe, ndiyo adabu tuliyofunzwa. Kilikuwa na joto, karanga zilikuwa zimetoka motoni.

"Wako anakaa wapi?" niliuliza.

"Kolwezi."

"Kolwezi wapi, mama?"

"Kwa tantine yake. Eh, si tantine ya kuzaliwa, ni mama mumoja mwema alipitaka hapa. Anasomesha." Alinitazama usoni, akaanza kupunguza tabasamu lake. "Utamuuliza tu ku masomo. Anajulikana, mutoto wangu anaimba."

Yule mama muuza mikate alikaa chini, palepale kwenye vumbi, akamkumbatia mtoto wake kati ya magoti. Akasema bila kumtazama jirani yake, "Haiko kweli. Huyu alikuwa anacheza. Haiko na masomo. Bazungumuzie, tantine. Bazungumuzie kama vile yule tata wa miwani alituzungumuzia."

Nikazungumza. Nilisema kila kitu, pamoja na ule mwisho ambao tulikuwa tumeuacha kwenye picha: mawe, maji, nganda, makofi ya walevi. Safari hii sauti haikutoka vizuri. Ilikatika katika sehemu zisizostahili, na hakuna aliyenisifu.

Jirani alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye pengo lake. Halafu akauliza, kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayetaka tu kuelewa vizuri:

"Basi ule alinikamatiaka wangu, na yeye alikuwa anacheza?"

Kuku walikuwa wanachakura kando yetu. Nilikuwa bado nimeshika kifurushi chake.

"Alikuambiaka nini?" Ni motard aliyeuliza. Alikuwa amevua kofia.

"Alisema maneno muzuri," jirani alisema. "Alisema, hapana kuogopa. Alisema batoto bake na wangu batakula sahani moja." Alifikiri. "Alisema siku nitaenda kule nitamukuta amebadilika, sitamujua." Na akatabasamu kidogo, kwa mazoea, kwa sababu alipoambiwa yale maneno mara ya kwanza lazima alicheka.

Nilikuwa najua kila neno kabla halijatoka. Nilijua hata mahali pa kuacha nafasi. Uso uliungua mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia kwamba sikuyaiba kwa yule mwanamke, kwamba hata tantine wangu aliyasema, na yeye ni mtu mwema, niulizeni mimi, nilisoma, nakula. Lakini ningesema hivyo kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya nani kama si yangu mwenyewe?

"Alikuwa na beseni ya rangi ya manjano," motard alisema.

Jirani alimgeukia.

"Huyo mama. Alikuwa na beseni ya manjano, na mutoto alikuwa amevaa tricot ya bleu. Anaimba, kweli, aliimba njia yote nyuma yangu." Alikuwa anakunjakunja kofia mikononi. "Ni mi nilibapeleka ku gare, mama. Mi nilimubebea na beseni. Na habakupandaka treni ya Kolwezi. Bali­panda ile ya Dilolo. Niliona. Nikafikiri, labda banapitia kwa ndugu kwanza. Sikuuliza. Ningeuliza nini? Alikuwa mama mwenye kuchekacheka."

Dilolo. Ninakujua, ni kwetu. Upande mmoja soko, upande wa pili Angola, na watu wanavuka na mizigo kichwani tangu asubuhi, mtoto mmoja kati yao haonekani.

Jirani hakupiga kelele. Alikuja akamshika motard mkono, kama kipofu anavyomshika mtu, akasema, "Tricot ya bleu njo yenyewe. Endelea. Alikuwa na nini tena?" Na motard akaendelea. Alikaa chini kwenye vumbi, akakumbuka yote: kikwembe cha yule mama, kovu la mkono, alivyozungumza kama watu wa upande wa mpakani, alivyokataa mtoto asishuke kununua maji. Yale yote mkufunzi aliyoyaonyesha ukutani jana yalikuwa mle ndani ya kichwa chake siku nyingi, yamelala. Hakuna aliyemuuliza, wala hakujua kwamba ni dalili.

Jeep ilitufuata baadaye kidogo. Mkufunzi alishuka, akaelezwa, akaanza kupiga simu palepale, Dilolo, parokia ya kule, polisi wanaoshughulikia watoto, gare. Hakutumia Kifaransa tena siku ile, isipokuwa pale mtu wa upande wa pili alipokitaka. Muuguzi pia aliletwa. Mtu alikuwa amekwisha kumwambia. Alisimama mbali na sisi, kitambulisho cha kazi kifuani, halafu akaja mbele ya yule mtoto wa sandali, akachuchumaa, akamuuliza jina. Hilo tu. Mtoto akamtajia.

Hatukusafiri siku ile. Mchana tulicheza tena, uwanjani kwa masista, hakuna dirisha wala giza. Tulicheza mpaka mwisho wote, na mwenzangu mfupi aliosha mawe ndani ya beseni mbele ya bamama, na maelezo yakatolewa kwa lugha ya wote. Nilipofika kwenye maneno "hautamutambua," hakuna aliyecheka. Mahali nilipokuwa nimeacha nafasi palibaki kimya, na katika kimya kile mtoto wa muuza mikate, amekaa mstari wa mbele bila sandali, alisema "Simama." Hakupiga kelele. Alisema kama anayesoma ubaoni. Watu wakamgeukia, naye akajificha nyuma ya mama yake.

Mama yake alirudi kuuza mikate. Nilinunua kwake kabla hatujaondoka, akanihudumia, akanifungia vizuri, hakuniita tantine. Mtoto yuko kwake. Mkufunzi alizungumza na masista, anasoma kwao kwa sasa. Mwaka ujao hakuna ajuaye.

Jirani alikataa kurudishiwa kifurushi. Nilijaribu. Nilimwambia, mama, mimi nakwenda Kolwezi, yeye hakupelekwa Kolwezi. "Bebea tu," alisema. "Batu banatembea. Anaweza kupita kwako." Nikakipakia ndani ya jeep.

Kiko hapa, juu ya rafu, pembeni ya redio ya atelier. Karanga niliziondoa zilipoanza kuota ukungu, nikaweka nyingine mpya za kununua, sijui kwa nini. Karobe, kagauni kenyewe, ni kazuri, mshono wa mkono, kamelegezwa pembeni ili kaweze kuongezwa. Mwenye atelier alikatazama siku moja, akasema aliyekashona alikuwa anajua anachofanya, halafu akarudi kwenye mashini yake.

Bado nacheza. Niliomba nipewe nafasi nyingine, hata ya mti, mkufunzi akasema hakuna mwenye uso kama wangu. Kwa hiyo nafunga kikwembe changu na kuingia. Watu wakipiga makofi natazama chini. Televisheni sijaiwaza siku nyingi.

Yule motard hunipigia mara kwa mara. Anasema siku hizi akipakia mtu na mtoto anauliza jina, nyumba, mama yuko wapi, na watu wanamtukana: weye polisi? Wengine wanashuka na kuchukua moto nyingine. Anacheka akinisimulia, kile kicheko chake kimerudi kidogo. Kutoka Dilolo wamesema mama mwenye beseni ya manjano alionekana sokoni, na mtoto pamoja naye. Baada ya hapo hakuna aliyeona kitu. Wanaendelea kuuliza.

Kabla hajakata simu, huniambia kwamba jirani amemtuma aniulize kama nimekwisha kumpa mtoto wake kifurushi.

"Bado," ninamwambia. "Mwambie bado."